Kutoka Isevya hadi Bunkeya: Kazi ya Wanahistoria na Historia ya Pamoja ya Nchi Jirani

(Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wanafunzi na wakazi wa Isevya, Tabora)



Mgeni anayealikwa kuzungumzia historia mjini Tabora hana budi kuomba radhi kabla ya kufungua kinywa, kwa maana wasikilizaji wake wamezaliwa ndani ya somo lenyewe. Tembe la Kwihara, walimokaa Stanley na Livingstone, liko mwendo mfupi tu kutoka hapa. Miembe inayowapa kivuli watoto wa Tabora wanapotoka shule inahesabiwa kuwa kumbukumbu ya misafara. Shukrani basi ziwaendee wenyeji kwa ukarimu wao, na radhi iombwe mapema pale ambapo mzee atasikia habari ya nyumbani kwake ikisimuliwa pungufu.

Nia ya mhadhara huu ni kueleza jambo moja. Historia ya Tabora haiwezi kuandikwa ikaeleweka na mtu anayesimama mpakani, lakini namna wanahistoria wa vyuo vikuu vyetu wanavyosomeshwa, wanavyoajiriwa na kupandishwa vyeo huwasimamisha mara nyingi hapo hapo mpakani. Hoja zitakuwa nne. Ya kwanza inahusu mji huu na majirani zake. Ya pili inahusu kizazi cha kwanza cha wanahistoria wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Ya tatu inahusu ngazi ambayo mwanahistoria wa leo anaipanda. Ya nne inahusu wanahistoria wasio na ofisi chuoni, na lugha tunayoitumia hapa ukumbini.

Hoja ya kwanza: Habari za Tabora ziko katika nchi nyingi

Wazee waliokaa mstari wa mbele wanalijua jina la Ngelengwa. Alikuwa mwana wa Kalasa, mfanyabiashara wa shaba kutoka pande hizi za Wanyamwezi na Wasumbwa, ambaye safari zake zilifika hadi Katanga. Katikati ya karne ya 19 kijana huyo alifuata nyayo za baba yake, ila yeye hakurudi. Kwa bunduki, kwa ndoa, na kwa biashara ya pembe na shaba, alijijengea dola. Huko aliitwa Msiri. Watu wake waliitwa Wayeke, jina linalohusishwa na bayege, chama cha wawindaji wa tembo cha Wanyamwezi. Mji wake mkuu, Bunkeya, ulipokea misafara iliyotoka Bahari ya Hindi kwa kupitia Tabora, na misafara mingine iliyotoka Angola upande wa Atlantiki. Mmoja wa wake zake, Maria de Fonseca, alitoka katika familia ya wafanyabiashara wa huko Angola.

Mwaka 1891 msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kwa masilahi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ulianzia pwani ya Bagamoyo, ukapita Tabora, ukavuka Ziwa Tanganyika kutoka Karema. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri alipigwa risasi na Kapteni Omer Bodson huko Bunkeya, akafa. Waliokwenda kummaliza waliipita nchi ya baba zake.

Sasa mwanahistoria wa Tanzania amweke wapi mtu huyu? Akimwacha kwa sababu alitawala Kongo, atakuwa ameiacha safari ndefu kuliko zote iliyofanywa na utemi wa Kinyamwezi. Na mwanahistoria wa Kongo ataueleza vipi ufalme wa Wayeke bila kuujua utemi wa Unyamwezi, vyama vyake vya uwindaji na biashara yake ya masafa? Kila mmoja ana nusu ya habari. Nusu hizo mbili hazijakaa meza moja inavyostahili.

Msiri si peke yake. Hamed bin Muhammad el-Murjebi, yaani Tippu Tip, alizaliwa Unguja, lakini baba yake, Muhammad bin Juma, alikaa Ituru karibu na mji huu na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Kwa undugu huo wa ndoa mlango wa Unyanyembe ulikuwa wazi kwa Tippu Tip, naye akapita hadi Manyema, Kasongo na Nyangwe. Mwaka 1887 alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls, mahali tunapopaita leo Kisangani, chini ya Dola Huru ya Kongo ya Leopold. Maisha ya mtu mmoja yamegusa Zanzibar, Tabora na mto Kongo.

Upande wa kusini nako kuna habari. Wangoni wa Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini mwa Afrika. Baada ya kiongozi wao kufia Ufipa, kundi moja, Watuta, lilipanda kaskazini hadi nchi hii. Mtemi Mirambo wa Urambo alijifunza mbinu zao za vita, na askari wake, rugaruga, wakazitumia kuyumbisha biashara yote ya njia kuu ya misafara mpaka alipofariki mwezi Desemba 1884. Ukimfuatilia Mirambo kwa makini utajikuta unasoma historia ya Afrika Kusini, Msumbiji, Zambia na Malawi.

Kaskazini vilevile. Njia ya Karagwe ilianzia hapa ikaenda mpaka ikulu ya Kabaka wa Buganda. Msafiri Mwingereza Speke aliifuata akitokea Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwaka 1861, akawasili Buganda mwaka 1862. Lakini alikuwa amechelewa: wafanyabiashara wa Kiislamu walikwishafika katika ikulu hiyo wakati wa Kabaka Suna, miaka ya 1840. Mapadri wa White Fathers walifika Tabora mwaka 1878, na wenzao wakaingia Buganda mwaka uliofuata. Dini zote mbili kuu za Uganda zina alama za vumbi la Unyanyembe.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji, yakiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, yaliingia Tabora. Tombeur baadaye alipewa ubaroni wenye jina la mji huu, na katikati ya Brussels kuna mtaa unaoitwa Tabora hadi leo. Askari waliotembea kwa miguu mpaka hapa walikuwa Wakongo, na mizigo yao ilibebwa na Waafrika. Katika kugawana mali ya Mjerumani baada ya vita, Ubelgiji ikabaki na Ruanda-Urundi, Uingereza ikachukua Tanganyika. Mpaka wa Kigoma na Burundi, ambao msafiri wa leo anauvuka akiwa na pasipoti mkononi, ulipata uzito wake hapo.

Na tuje karibu zaidi. Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yaliwakimbiza maelfu ya watu kuja magharibi mwa Tanzania, na makazi ya Ulyankulu yakaanzishwa katika mkoa huu huu wa Tabora. Katumba na Mishamo yakaanzishwa upande wa Mpanda. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 waliotokana na wakimbizi hao, na kitendo hicho kinakumbukwa duniani. Mtoto aliyezaliwa Ulyankulu ni Mtanzania wa Tabora, na simulizi za babu yake ni sehemu ya historia ya Burundi. Darasa lake la historia halina ruhusa ya kumchagulia moja.

Inafaa kusema wazi kwamba historia hii ya pamoja ina uchungu mwingi. Njia iliyopeleka pembe na nguo za merikani ilipeleka watu pia, wakiwa wamefungwa shingo. Wako wakazi wa mji huu ambao mababu zao waliletwa kutoka Manyema bila hiari yao, na wako wengine ambao mababu zao waliwaleta. Mwanahistoria anayetaka kuhubiri udugu wa majirani kwa kulifunika jambo hilo atakuwa anawadhulumu wafu wa pande zote.

Hoja ya pili: Kizazi cha kwanza kilianza pamoja, kikapewa kazi ya kila mtu na taifa lake

Kijana wa Tabora School wa miaka ya 1930 na 1940 aliyefaulu vizuri alitazamia kwenda Makerere. Julius Nyerere alifanya hivyo: alisoma hapa, akaenda Kampala mwaka 1943, akarudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria. Kabla ya kuwapo Chuo Kikuu chochote Tanganyika, elimu ya juu ya Afrika Mashariki ilikuwa na mlima mmoja, na mlima huo ulikuwa Uganda. Bethwell Allan Ogot, kijana wa Gem nchini Kenya, alisoma hapo hapo Makerere kabla ya kwenda St Andrews na London.

Chuo cha Dar es Salaam kilifungua milango yake Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na fani moja tu ya sheria. Mwaka 1963 Dar es Salaam, Nairobi na Makerere viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka huo huo Terence Ranger, aliyefukuzwa na serikali ya walowezi ya Rhodesia ya Kusini, alikuja kuwa profesa wa kwanza wa historia Dar es Salaam. Hapo ndipo kazi ya mwanahistoria wa chuo kikuu katika nchi yetu ilipopata umbo lake.

Ilikuwa kazi ya haraka. Watoto wa taifa jipya walikuwa wakisoma wafalme wa Uingereza, na vitabu vya kuwafundisha habari za kwao vilikuwa vichache mno. Isaria Kimambo alikwenda kwa wazee wa Upare, akakaa nao, akaandika juu ya siasa za Wapare kitabu kilichotoka mwaka 1969. Mwaka huo huo yeye na Arnold Temu walitoa historia ya Tanzania iliyoandikwa na kundi la wasomi kwa niaba ya Chama cha Historia Tanzania. Mwaka mmoja nyuma yake, wanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo cha Dar es Salaam, walikuwa wametumwa makwao kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji, wakiongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa. Wanafunzi wa leo mliopo hapa, litafakarini jambo hilo. Vijana wa umri wenu walirudi vijijini wakiwa na daftari, wakawahoji waliokumbuka vita vya 1905, na walichokileta kikawa hazina ambayo wasomi wa dunia nzima wanaitumia hadi sasa.

Nairobi nako Ogot alitoa mwaka 1967 historia ya Wajaluo wa kusini. Kitabu hicho hakikuweza kubaki ndani ya Kenya hata kama mwandishi angetaka, kwa sababu watu wake walitoka Sudan ya kusini, wakapita Uganda, wakafika mwambao wa Ziwa Viktoria hadi upande wetu wa Mara. Mwaka 1968 yeye na J. A. Kieran walihariri kitabu cha historia ya Afrika Mashariki yote na kukipa jina la Kiswahili: Zamani. Vitabu hivi vingi vilichapishwa na East African Publishing House ya Nairobi, hata kile cha Kimambo na Temu. Mwandishi alikuwa Mlimani, mchapishaji Nairobi, msomaji yumkini Makerere.

Lakini lengo la kila nchi lilikuwa taifa lake, na lengo hilo lilikuwa halali. Mtoto wa Tabora alipaswa kujua kwamba yeye, Mpare na Mmakonde ni wananchi wa nchi moja. Tarehe 30 Juni 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, vikazaliwa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Wanahistoria waliokuwa wakikutana kama walimu wa chuo kimoja wakawa wageni kwa wenzao. Mambo waliyokuwa wameyaanza pamoja, kila mmoja akaendelea nayo kwake.

Maisha ya baadaye ya wanahistoria wa kizazi hicho yanaonyesha jinsi fani hii inavyoweza kumfikisha mtu mbali. Kimambo alibeba majukumu makubwa ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini kalamu hakuiweka chini: mwaka 2017, karibu miaka hamsini baada ya kitabu cha kwanza, alitoa historia mpya ya Tanzania pamoja na Gregory Maddox na Salvatory Nyanto. Ogot alihariri juzuu ya tano ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, akafariki tarehe 30 Januari 2025 akiwa na miaka 95. Semakula Kiwanuka, aliyeandika historia ya Buganda, aliiwakilisha Uganda katika Umoja wa Mataifa. Émile Mworoha, aliyeandika juu ya watu na wafalme wa nchi za Maziwa Makuu, akawa Spika wa Bunge la Burundi miaka ya 1980. Abdul Sheriff, baada ya kufundisha Mlimani na kuandika juu ya watumwa, karafuu na pembe za Zanzibar, alirudi kwao kusimamia makumbusho. Na Walter Rodney wa Guyana, aliyefundisha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1972 kitabu kilichoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Aliuawa Georgetown tarehe 13 Juni 1980. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeishi kama mtu aliyefungiwa maktaba.

Hoja ya tatu: Ngazi ya kazi haijajengwa kuelekea kwa jirani

Mhadhiri msaidizi anayeanza kazi leo anaitazama ngazi hii: uzamivu, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kila daraja linapandwa kwa machapisho, hasa makala katika majarida ya kitaaluma, na mengi ya majarida hayo yanatoka kwa Kiingereza nje ya Afrika. Muda unahesabiwa. Utafiti ulio karibu, wenye nyaraka sehemu moja na kwa lugha moja, unamfikisha mtu mapema. Utafiti wa nchi tatu unamchelewesha.

Chukueni mfano wa kijana wa Isevya anayetaka kuandika tasnifu juu ya Tabora ya mwaka 1916. Majalada ya utawala wa Kijerumani yatamhitaji aende Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na aweze kusoma Kijerumani cha mwandiko wa mkono. Ripoti za kijeshi za Wabelgiji ziko Brussels, kwa Kifaransa. Shajara za mapadri wa White Fathers, walioandika kila siku yaliyotokea misioni, zimehifadhiwa Roma, nazo kwa Kifaransa. Karatasi za Waingereza ziko London. Nyimbo na kumbukumbu za familia za wapagazi ziko hapa, kwa Kinyamwezi na Kiswahili, na nyingine ziko upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, kwa Kiswahili cha Kongo. Hizo ni lugha tano na safari za mabara mawili kwa habari ya mji mmoja. Nani atamlipia? Na nani atamngoja?

Lugha ndiyo ukuta mrefu kuliko yote. Mwalimu wa Mlimani anasoma na kuandika kwa Kiingereza. Mwenzake wa Bujumbura au Lubumbashi kwa Kifaransa. Isidore Ndaywel è Nziem aliandika historia kubwa ya Kongo kwa Kifaransa. Kwa mwanafunzi wa Tabora anayeijua Bunkeya kwa masikio tu, kitabu hicho ni sanduku lililofungwa. Wanaotoka ng'ambo kuja kutuandika huwa wamejifunza lugha zote mbili kabla ya kupanda ndege. Watoto wa majirani ndio wanaoshindwa kusomana.

Kuna ukuta mwingine wa vibali. Mtafiti wa Burundi akija Ulyankulu kuwahoji watu wa asili ya kwao ni mtafiti mgeni, na lazima apate kibali cha utafiti kama anayetoka Ulaya. Sheria hiyo ina sababu zake, kwa kuwa nchi ina haki ya kujua nani anakusanya nini. Lakini Jumuiya iliyotangaza mwaka 2017 kuwa eneo moja la elimu ya juu inaweza kumtafutia mtafiti wa jirani mlango wake mwenyewe.

Haya hayasemwi kwa kukata tamaa, maana wapo wanaoivuka mipaka. Salvatory Nyanto wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefanya utafiti juu ya jamii za Kikristo za Unyamwezi zilizokua kutokana na watumwa waliokombolewa, na kitabu chake kikatoka mwaka 2024. Somo hilo linahitaji masimulizi ya vijijini na nyaraka za misioni kwa pamoja, na linaonyesha watu waliong'olewa makwao wakijijengea makao na heshima upya katika nchi hii. Stephen Rockel wa Kanada alitoa mwaka 2006 kitabu kizima juu ya wapagazi, akiwaonyesha Wanyamwezi kama wafanyakazi wenye ujuzi na desturi ya kazi yao: wenye kirangozi wao (kiongozi wa msafara), posho yao, na hata migomo yao. Wajukuu wa wapagazi hao wamo humu ukumbini. Lingekuwa jambo zuri kitabu kinachofuata kiandikwe na mmoja wao.

Hoja ya nne: Wanahistoria wengine hawana ofisi chuoni, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha

Kabla ya kuwapo idara yoyote ya historia, Tippu Tip aliketi akaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Heinrich Brode, Mjerumani, aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Maandishi hayo ni miongoni mwa ushahidi mkubwa wa karne ya 19 juu ya Tabora, Manyema na Kongo, na msomaji wa Isevya haihitaji tafsiri.

J. B. Kabeya naye aliandika kwa Kiswahili maisha ya Mtemi Mirambo ili yasomwe na Watanzania wa kawaida. Ng'ambo ya ziwa, Antoine Munongo, mtawala wa Wayeke na mzao wa Msiri, alichapisha Lubumbashi mwaka 1967 kitabu cha historia ya watu wake. Wawili hawa walikuwa wakieleza ncha mbili za jambo moja kwa miaka inayokaribiana, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kifaransa.

Iko pia historia iliyoandikwa na wafanyakazi. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga habari za mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa macho ya waliowahi kuwa maboi wa Wazungu. Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi yake, picha baada ya picha, na kuieleza kwa Kiswahili kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Kiswahili hicho kina lafudhi na maneno ambayo yatamfanya Mtabora asimame kidogo. Akisoma kwa sauti ataelewa. Lugha iliyosafiri na misafara kutoka pwani, ikapita hapa, ikavuka ziwa, imemwezesha mchoraji wa Katanga na mkulima wa Unyanyembe kusimuliana habari bila mkalimani, jambo ambalo maprofesa wao wanalihangaikia.

Kwa hiyo pendekezo la hoja hii ni kwamba wazee, waandishi wa vijijini, wachoraji na waimbaji wahesabiwe kuwa wenzi wa mwanahistoria wa chuo, na majina yao yaandikwe. Mzee anayekumbuka ukoo wake vizazi saba ametunza jalada kwa kichwa chake. Akihojiwa kisha akatajwa kama "mzee mmoja wa Tabora", ameporwa. Wanawake wahojiwe pia, kwa sababu biashara ya njia kuu ilitegemea ndoa kama ya Karunde, na habari za ndoa hizo zimetunzwa zaidi na kina bibi kuliko mabaraza ya wanaume.

Wakati nao umefika. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia katika mtaala mpya na linafundishwa kwa Kiswahili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, baada ya Rwanda na Burundi mwaka 2007 na Sudan Kusini mwaka 2016. Somalia ikafuata mwaka 2024. Njia yote ya zamani, kuanzia Bagamoyo, kupita Tabora na Ujiji hadi Kasongo na Bunkeya, imo sasa ndani ya Jumuiya moja. Walimu watahitaji vitabu vya Kiswahili vinavyolingana na ukweli huo.

Yanayoweza kufanyika

Mambo manne yanawezekana bila kungoja mkutano wa marais.

La kwanza, kila idara ya historia iruhusu tasnifu yenye wasimamizi wawili kutoka nchi mbili, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, lisaidie nauli. La pili, mwanafunzi wa uzamivu anayechagua habari za Maziwa Makuu afundishwe Kifaransa mwaka wake wa kwanza, na mwenzake wa Bujumbura au Lubumbashi afundishwe kuandika Kiswahili cha kitaaluma. La tatu, makala iliyochapishwa kwa Kiswahili na kupitiwa na wataalamu ihesabiwe sawa na nyingine mtu anapoomba kupanda cheo, na kila tasnifu inayohusu mahali fulani iache hapo muhtasari wa Kiswahili wenye kurasa za kutosha kusomwa darasani.

La nne linaihusu Isevya yenyewe. Reli ya kisasa inajengwa kuja Tabora, na kutoka Tabora kwenda Kigoma, na nyingine imepangwa kutoka Uvinza kuelekea Burundi. Treni hiyo itapita karibu na njia ileile waliyoipita wapagazi. Kabla haijaanza kubeba abiria, walimu na wanafunzi wa mji huu wanaweza kuwa wamekwisharekodi sauti za wazee wa hapa, wa Kwihara, wa Urambo na wa Ulyankulu, kwa simu zile zile walizo nazo mifukoni, kwa ridhaa ya wasimuliaji na kwa majina yao. Nakala moja ikae Tabora, moja iende Mlimani, moja Bujumbura na moja Lubumbashi. Vijana wa 1968 walifanya kazi kama hiyo wakiwa na daftari na penseli.

Ndugu Mwenyekiti, mhadhara unaishia hapa ili mazungumzo yaanze. Kwa ruhusa yako, kipaza sauti kipelekwe kwanza mstari wa mbele, kwa wazee wenye habari za Ngelengwa mwana wa Kalasa: aliagana na nani siku ile alipoondoka, na ndugu zake waliobaki wakakaa wapi. Wanafunzi wawili wamekwishawasha vinasa sauti vyao.